Kupanga nyumba ya ufukweni: Mambo ya kuhakiki kabla familia haijalipa wala kuingia majini

Likizo za shule za mwezi Juni na Desemba zimekuwa majira ya familia nyingi za mikoa ya bara na za Dar es Salaam kuelekea pwani. Badala ya kuchukua vyumba viwili au vitatu vya hoteli, baadhi yao hupanga nyumba nzima iliyo karibu na bahari kwa siku chache, wakapika wenyewe, wakala pamoja na kugawana gharama baina ya ndugu. Utaratibu huu una nafuu yake. Hata hivyo, unaihamishia familia majukumu ambayo hotelini hubebwa na wengine: kuhakiki uhalali wa nyumba, kulinda fedha iliyolipwa mapema na, zaidi ya yote, kuwalinda watoto dhidi ya bahari isiyokuwa na mwangalizi.

Makala hii inaeleza mambo hayo kwa kutumia mfano wa Pangani, mji mkongwe wa Mkoa wa Tanga ulioko takribani kilomita 50 kusini mwa Jiji la Tanga, mahali ambapo Mto Pangani unaingia katika Bahari ya Hindi. Yanayosemwa kuhusu Pangani, kwa sehemu kubwa, yanahusu pia Bagamoyo, Kigamboni, Kilwa na Mtwara.

Nyumba ni ya nani?

Hatua ya kwanza ni kumjua anayepangisha. Matangazo ya nyumba za ufukweni husambazwa sana kupitia mitandao ya kijamii, na matapeli huchukua picha za nyumba ya mtu mwingine, wakaitangaza kwa bei ya chini, kisha wakadai malipo ya haraka kwa maelezo kwamba wateja wengine wanasubiri. Familia hufika na mizigo yake na kukuta nyumba imefungwa, au ina wageni wengine, na mlinzi hamjui aliyepokea fedha.

Uhakiki hauhitaji gharama kubwa. Anayetaka kupanga aulize jina la kijiji au mtaa ilipo nyumba, kisha awasiliane na ofisi ya serikali ya kijiji au ya mtaa huo ili kuthibitisha kwamba nyumba ipo na mwenye nyumba anafahamika. Aidha, aombe kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, kuanzia barabarani, langoni, vyumbani hadi upande wa bahari. Wakati wa kulipa, jina linalotokea kwenye simu au kwenye akaunti ya benki lilinganishwe na jina lililo katika mkataba. Majina yakitofautiana, malipo yasitishwe hadi ipatikane sababu inayothibitishika.

Mwenye nyumba anayepokea watalii kibiashara ana wajibu wa kisheria. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa leseni kwa biashara za utalii, zikiwemo huduma za malazi, na mapato ya upangishaji yana kodi yake. Hivyo basi, mpangaji anayedai risiti hajakosa adabu. Anatumia haki yake, na risiti hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza endapo utatokea mgogoro.

Ujumbe wa simu unaoashiria utapeli utumwe kwenda namba 15040, na aliyekwisha kuibiwa atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na kumbukumbu za malipo na mazungumzo. Mazungumzo hayo yasifutwe, hata kama yanamtia aibu aliyedanganywa.

Mkataba wa siku tatu nao ni mkataba

Wapangaji wengi huona kwamba kukaa siku tatu hakuhitaji maandishi. Ugomvi mwingi wa nyumba hizi hutokana na mambo madogo ambayo kila upande ulidhani yanaeleweka. Karatasi moja inatosha, ilimradi itaje tarehe na saa ya kuingia na kutoka, idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala, kiasi kilicholipwa, amana ya uharibifu na siku itakayorejeshwa, pamoja na masharti ya kuahirisha safari.

Mambo ya ndani ya nyumba nayo yaandikwe. Nani atanunua umeme wa LUKU, na mita itakuwa na uniti ngapi siku ya kuingia? Mtungi wa gesi utakuwa umejaa? Maji yanayotoka bombani ni ya mamlaka ya maji au ya kisima? Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi, yanayofaa kuoshea lakini si kunywa, na familia yenye watoto wadogo inapaswa kujua hilo kabla ya kufika. Vyandarua vihesabiwe kwa idadi ya vitanda, kwa kuwa malaria ipo katika ukanda wa pwani. Kama kuna mlinzi au mpishi, ielezwe ni nani anayemlipa ujira wake.

Siku ya kuingia, ni busara kupiga picha za kila chumba mbele ya msimamizi wa nyumba. Kioo kilichopasuka kabla ya kufika wageni kisije kikakatwa kwenye amana yao.

Ratiba ya bahari

Nyumba inaweza kuwa halali na mkataba ukawa mzuri, lakini bahari ikawa haijafahamika. Hapa ndipo wageni wa kutoka bara hukosea zaidi, kwa sababu maji ya bahari hayafanani na ya ziwa. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50.

Ukubwa wa mabadiliko hayo hufuata mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Katika pwani ya Tanzania, tofauti ya kimo cha maji siku za bamvua kubwa inaweza kukaribia meta 4. Kwa kawaida, siku hizo maji huwa yamepwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na huwa yamejaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hutumia kanuni rahisi ya kugawa kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2 na ya sita fungu 1. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia ndani ya saa mbili za katikati. Tofauti ikiwa meta 3.6, maji hupanda meta 1.8 katika saa hizo mbili pekee, kimo kinachowafunika watu wazima walio wengi.

Chukua mfano wa familia iliyotoka saa nne asubuhi siku ya bamvua kutembea juu ya mwamba uliokauka, mbali na nchi kavu, kutazama viumbe vya baharini. Wakianza kurudi saa sita mchana, wanarudi katika saa zile zile ambazo maji yanaingia kwa kasi kubwa. Zaidi ya hayo, maji hayaji kutoka mbele yao tu. Hujaza kwanza mabonde yaliyo chini zaidi, ambayo mara nyingi yako kati ya mwamba na ufukwe. Mtoto aliyevuka mahali pakavu wakati wa kwenda anaweza kukuta pamemfika kifuani wakati wa kurudi. Kanuni salama ni kugeuka kabla maji hayajageuka: kutoka wakati bado yanapwa na kuwa ufukweni yanapoanza kurudi.

Ratiba ya siku husika huulizwa kwa wavuvi wa eneo hilo, wanaoifahamu kwa kuwa ndiyo inayoongoza kazi yao, au husomwa katika jedwali la maji kujaa na kupwa.

Watoto, upepo na mdomo wa mto

Majira nayo yana uzito. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kuleta mawimbi makubwa, wakati Desemba hukaribisha kaskazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa baharini na, inapobidi, angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa ya upepo mkali na mawimbi. Tangazo la aina hiyo linapotolewa, safari ya boti iahirishwe hata kama imekwisha kulipiwa.

Katika Pangani, mdomo wa mto si mahali pa kuogelea. Mkondo wa mto na wa bahari hukutana hapo, maji ni ya tope yasiyoonyesha kina, na mto wenyewe una mamba. Katika fuo za wazi, muogeleaji anayehisi anavutwa kuelekea kilindini asipambane na mkondo kwa kuurudia ufukwe moja kwa moja, maana atachoka kabla ya kufika. Aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke katika mkondo, kisha ndipo arejee nchi kavu.

Kila kundi la watoto majini liwe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mwangalizi, asiyeshika simu wala kupika, na abadilishwe baada ya muda. Watu wazima 10 wanaodhani kwamba mwenzao anaangalia ni sawa na kutokuwepo hata mmoja. Viatu vya kuvaa majini navyo ni muhimu, kwa kuwa kwenye miamba kuna viumbe vyenye miiba mirefu, na mchangani huweza kujificha taa, samaki mwenye mwiba wenye sumu mkiani.

Maziwe na hazina za jirani

Kutoka Pangani au Ushongo, familia nyingi hupenda kwenda Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni eneo tengefu la bahari. Kisiwa hicho kiliwahi kuwa na miti. Mmomonyoko uliiondoa, na leo ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, ambalo hufunikwa na maji yanapojaa sana. Kwa sababu hiyo, saa ya kwenda Maziwe haipangwi na abiria bali na bahari.

Kabla ya kupanda chombo, kila abiria, akiwemo mtoto, apewe jaketi okozi linalomtosha na alivae tangu mwanzo. Chombo kisizidishe idadi ya abiria, na nahodha awe na mawasiliano na nchi kavu. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kimekaguliwa. Ada za kuingia katika eneo tengefu ni malipo ya Serikali, hivyo zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti itolewe.

Wasiopenda boti nao wana pa kwenda. Mjini Pangani yapo majengo ya zama za biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Ni katika mji huu ndipo Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani ulioanza mwaka 1888, alinyongwa Desemba 1889. Katika barabara ya kutoka Tanga kuna magofu ya Tongoni yenye msikiti na makaburi ya kale, na upande wa kusini iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo mbuga yake inapakana na bahari.

Ufukwe ni wa wote

Kupanga nyumba hakumpi mtu umiliki wa mchanga ulio mbele yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Wavuvi wanaovuta nyavu, kina mama wanaotafuta pweza na watoto wa kijiji wanaopita hapo wako katika eneo lao la riziki. Mgeni asiwafukuze, na asiwapige picha bila idhini yao. Anapoingia mjini au kijijini, avae mavazi ya heshima kulingana na desturi za wenyeji.

Taa za nyumba nazo zina madhara yasiyoonekana. Kasa hutaga mayai mchangani, na baada ya takribani miezi miwili watoto wao hutoka usiku na kufuata mwanga wa bahari. Taa kali za barazani huwapoteza wakaelekea nchi kavu, ambako hufa. Katika fuo wanakotaga, taa za upande wa bahari zizimwe usiku. Kasa na matumbawe vinalindwa kisheria, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019.

Dharura inapotokea, Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Namba hizo, pamoja na ya msimamizi wa nyumba, ya uongozi wa kijiji na ya kituo cha afya kilicho karibu, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani siku ya kwanza, pembeni mwa ratiba ya maji ya wiki hiyo. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na mizigo inaweza kufunguliwa baada yake.