Unasafiri miezi mitatu? Begi la wiki moja linakutosha

UMEWEKA akiba, umeaga nyumbani na sasa unataka kuzunguka Uganda na Rwanda kwa miezi mitatu kabla ya chuo kufunguliwa. Hongera! Lakini kabla ya kukata tiketi, hebu inua hilo begi lako. Kama unaliinua kwa mikono miwili ukihema, bado hujawa tayari.

Wengi wetu hupakia woga. Viatu vya ‘huenda kukawa na sherehe’, sweta tatu za ‘nasikia kuna baridi’. Ukweli ni kwamba safari ndefu haihitaji nguo nyingi kuliko safari fupi. Inahitaji sabuni. Beba nguo za wiki moja, ufue, uanike, uvae tena.

Mzigo mzito utakutesa kuanzia mpakani. Basi la Kampala likifika Busia au Malaba, abiria hushuka na kupanga foleni ya uhamiaji, mara nyingi usiku, na mizigo hukaguliwa. Mwenye begi moja mgongoni hapati shida. Mwenye masanduku mawili na gunia itabidi atafute wa kumsaidia, na bei ya msaada wa usiku unaijua. Huko Kigali nako, pikipiki hubeba abiria mmoja tu, tena mwenye helmeti. Sanduku utaliweka wapi? Utalipa teksi kila unapohama.

Ubebe nini basi? Begi la mgongoni lisilozidi kilo nane. Ndani weka fulana nne, suruali au sketi mbili, nguo za ndani za siku saba, jaketi la mvua na sweta moja. Hiyo sweta usiiache. Kabale, karibu na mpaka wa Rwanda, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi yake si mchezo. Vaa raba, pakia patipati. Ongeza leso au kikoi: ni taulo, ni shuka, ni mto ndani ya basi. Tafuta adapta pia, maana soketi nyingi za Rwanda ni za pini mbili za mviringo.

Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu. Na ukikosa nguo njiani, nunua mtumba Kampala, katika soko la Owino. Rwanda ilipandisha sana ushuru wa mitumba mwaka 2016.

Stakabadhi zikae mwilini, si ndani ya begi. Kitambulisho cha taifa kinakuvusha hadi Uganda na Rwanda tangu 2014. Cheti cha homa ya manjano nacho usikisahau, na chanjo yenyewe upate angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Dozi moja ni ya maisha.

Sasa, onyo. Begi likiwa jepesi, watu wataliona. Utasikia, “Si una nafasi? Nipelekee tu haka kafurushi, kuna mtu atakungoja stendi.” Hapo kaa ngumu, hata kama ni beshte yako. Mpakani, mwenye begi ndiye mwenye kilichomo. Dawa za kulevya zikipatikana ndani ya kopo la unga wa uji, aliyekutuma atazima simu na wewe ndiwe utakayefungwa pingu. Usichokipakia kwa mkono wako, usikivushe. Mwambie begi limejaa, hata kama ni nusu.

Mwisho, jaribu hili leo. Pakia kila kitu, weka begi mgongoni, tembea kwa miguu hadi steji na urudi. Chochote utakachotamani kukitupa njiani, kitoe ukifika nyumbani. Mamako atakitunza.