Istilahi za Kutafutia Nyaraka za Historia Mtandaoni

Katika miaka ya karibuni maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka za Ulaya zimeanza kuweka mali zao katika mtandao wa intaneti. Mwalimu aliyeko Pangani au Iringa aweza sasa kuziona kurasa za majalada ya utawala wa Kijerumani bila ya kusafiri. Hata hivyo mlango wa hifadhi hizo hufunguliwa kwa neno. Mtafiti huandika neno, nayo kompyuta hulilinganisha na maelezo yaliyoandikwa na karani wa zamani au mtunza nyaraka aliyemfuata. Maneno yasipolingana, hujibiwa kwamba hapana kitu. Na ambaye hakuonywa huenda akaandika katika utafiti wake kwamba hapana kitu. Ndiyo sababu suala hili lawahusu wanaistilahi na wafasiri kama linavyowahusu wanahistoria.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina ya mahali penyewe. Maktaba na makumbusho hayana utata. Utata uko katika neno nyaraka, ambalo wengine hulitumia kwa karatasi na wengine kwa jengo linalozihifadhi. Nchini Kenya neno makavazi hutumika kwa maana hiyo ya pili, na si neno baya. Katika makala haya tutasema nyaraka kwa maandishi yenyewe, na hifadhi ya nyaraka kwa mahali. Neno kumbukumbu tutaliachia majalada ambayo bado yanashughulikiwa ofisini, kama linavyodokezwa na jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa nchini Tanzania, ambalo limeyataja yote mawili kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye tahajia. Makarani wa Kijerumani waliyaandika majina yetu kwa masikio yao na kwa herufi zao. Sauti yetu ya sh waliiandika sch, y mara nyingi wakaiandika j, na j wakaiandika dj au dsch. Hivyo Moshi ni Moschi, Bagamoyo ni Bagamojo, Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Hata shauri na shamba, maneno ambayo Wajerumani waliyachukua kwetu na kuyatumia katika barua zao, yataonekana kama Schauri na Schamba. Mtwa Mkwawa wa Uhehe katika maandishi yao ni Quawa, tena mara nyingi Sultan Quawa, kwa kuwa neno Sultan walimpachika takriban kila mtawala wa bara. Boma lake la Kalenga, lililotekwa mwaka 1894, wao waliliita Kuirenga. Anayetafuta habari za mji wa Iringa wa leo na aandike pia Neu-Iringa, maana hilo ndilo jina walilolipa boma lao jipya. Wareno nao walikuwa na desturi yao: Kilwa kwao ni Quiloa, Malindi ni Melinde. Aandikaye Kilwa peke yake ataikosa karne nzima.

Lakini tahajia ni kazi ya subira tu. Jambo zito zaidi ni majina ya matukio, kwa kuwa jina la tukio hubeba hukumu ndani yake. Vita vilivyopiganwa pwani ya Mrima kuanzia mwaka 1888 viliitwa na Wajerumani Araberaufstand, yaani uasi wa Waarabu. Jina hilo liliwafaa wakati ule, kwani lilisaidia kuupata ukubali wa bunge lao kwa kisingizio cha kupambana na biashara ya watumwa. Lakini halisemi kweli. Pamoja na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwapo Bwana Heri wa Saadani na watu wengi wa pwani na wa bara waliotetea nchi na biashara yao. Na hata neno uasi lina kasoro, kwa kuwa huwezi kumwasi ambaye hujakubali kuwa ni mtawala wako. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa zama zile zile, aliviita Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na mwaka aliouhesabu ni 1307 wa Hijra, yaani 1889 hadi 1890. Mtafiti anayelijua jina la Kijerumani tu atapata ripoti za maofisa, na anayelijua la mshairi tu atapata utenzi. Anayeyajua yote mawili ndiye atakayeviona vita vyenyewe.

Vivyo hivyo kwa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Katika orodha za Kijerumani tafuta Aufstand; katika maandishi ya Kiswahili tafuta vita, kama alivyoandika Abdul Karim bin Jamaliddini katika utenzi wake. Kanuni ninayoipendekeza kwa wafasiri ni hii: neno la karani litumike kutafutia, lisitumike kusimulia. Likilazimika kunukuliwa, liachwe katika lugha yake na kufafanuliwa. Ofisa anayeandaa maelezo ya ukumbi wa makumbusho ya mkoa akiandika uasi kwa sababu tu ndivyo jalada lilivyosema, amemrudisha karani kazini.

Katika orodha za makumbusho tahadhari hiyo yahitajika zaidi. Huko mkuki au ngoma huelezwa mara nyingi kwa neno gesammelt, yaani iliyokusanywa, au erworben, iliyopatikana. Maneno haya hayatuelezi kama kitu kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, au kilitekwa vitani. Mfasiri asiongeze asichokijua, lakini pia asiseme kilinunuliwa pale ambapo chanzo kimesema kilipatikana. Fuvu la Mkwawa, lililodaiwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa Kalenga mwaka 1954, ni ushahidi kwamba maelezo ya namna kitu kilivyoondoka ndiyo msingi wa madai ya kukirejesha.

Yafaa msomaji ajue pia kwamba picha ya ukurasa si maandishi yanayosomeka na kompyuta. Majalada ya Wizara ya Makoloni yaliyoko katika Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani, fungu R 1001, yanaonekana mtandaoni, lakini mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao Wajerumani wengi wa leo nao hawausomi. Kwa kawaida kinachotafutwa hapo ni kichwa cha jalada tu, na kilichomo ndani hakina budi kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Tena si kila kitu kimo mtandaoni. Nyaraka za Kijerumani zilizobaki Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, zina habari za wilayani ambazo huenda Berlin haikupelekewa kamwe.

Mwisho ni namna ya kunukuu. Watumishi wa serikali wanaijua Kumb. Na. ya barua, nyaraka za mtandaoni nazo zina yake. Yaandikwe jina la hifadhi, fungu, namba ya jalada, ukurasa, na siku uliyoisoma. Anwani ya tovuti iongezwe baadaye, kwa sababu anwani hubadilika na namba ya jalada hubaki.