Ndege ya mjomba: Spitfire isiyokuwa Spitfire

Likizo iliyopita nilikuwa Gungu, Kigoma, kwa mjomba wangu. Juu ya kabati lake kulikuwa na ndege vita ya rimoti, mabawa yamezidi kabati kila upande. Mpangaji mmoja aliiacha badala ya kodi ya miezi miwili. Dalali alishakuja kuikagua: akamimina petroli kwenye tangi, akazungusha propela mpaka jasho likamtoka, wapi. "Mzee, hii Spitfire yako imekufa. Chukua elfu sitini."

Mjomba alikuwa anatafuta ada ya chuo ya binti yake, na nusura akubali. "Mjomba, wewe ndiye uliyesoma sayansi," akaniambia, "niambie nina nini hapa."

Kwanza, si Spitfire. Kila mtu aliiita hivyo kwa sababu ya yale maduara ya bluu, meupe na mekundu ya jeshi la anga la Uingereza. Rangi hupakwa na yeyote. Wewe tazama umbo. Bawa la Spitfire tunayoijua limejipinda kama yai. Hili lina kingo zilizonyooka na ncha kama imekatwa kwa msumeno. Ni kweli kuna Spitfire zilizokatwa ncha, kwa hiyo geuza ndege uangalie tumbo. Hapa kuna mdomo mkubwa wa kuingiza hewa ya kupoza injini, katikati kabisa. Spitfire hubeba vipoza vyake chini ya mabawa. Hii ni Mustang, P-51, ya Marekani, iliyoundwa 1940 kwa maombi ya Waingereza wenyewe. Yale maduara hayakuwa uongo mtupu.

Nikaazima futi ya fundi cherehani. Ncha hadi ncha: sentimita 141. Mustang halisi ina mita 11.28. Gawanya, unapata 8, yaani modeli ni ya 1:8. Namba hiyo ndiyo mnunuzi anayejua mambo atakayoiuliza kwanza. (Kigoma yenyewe si mgeni wa ndege vita: mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilidondosha mabomu bandarini zikiiwinda meli Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu.)

Sasa ile injini "iliyokufa". Imeandikwa 46, maana yake inchi za ujazo 0.46, kama cc 7.5 hivi. Haina waya wa moto wala koili kama ya bodaboda. Plagi yake ina kijiwaya cha platinamu kilichosokotwa. Unapoiwasha, unakipa volti 1.5 mpaka kiwe chekundu, kisha unaondoa betri na injini inaendelea. Inaendeleaje bila umeme? Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na oili, mara nyingi na nitromitheni kidogo. Mvuke wa methanoli ukigusa platinamu unaungana na oksijeni hapo hapo juu ya waya na kutoa joto. Joto hilo, pamoja na lile la mgandamizo, linauweka waya mwekundu hadi mzunguko unaofuata. Petroli haina tabia hiyo na platinamu. Dalali angezungusha mpaka Idi.

Tukafungua plagi, tukaiunga kwenye betri mpya kubwa ya tochi. Ikang'aa! Propela ukiizungusha kwa mkono unahisi mgandamizo mzuri. Ila petroli ilikuwa imevimbisha mipira ya silikoni ya mafuta, na hilo tuliliandika kwenye tangazo.

Redio ni ya zamani. Utajuaje? Risiva ina waya wa antena wa karibu mita moja. Antena ya namna hii huwa robo ya urefu wa wimbi: kwenye megahezi 72 wimbi lina mita 4.17, robo yake mita 1.04. Redio za siku hizi hutumia gigahezi 2.4, robo yake sentimita 3 tu. Kwa hiyo tukamwambia mnunuzi ahesabu gharama ya redio mpya.

Mjomba alitaka tuirushe kwanza ili tupige video. Nilikataa. Uwanja wa ndege uko manispaa hii hii, kurusha chombo kama hiki kunataka kibali cha TCAA, na methanoli ni sumu inayopofusha, si kitu cha kuweka chumbani kwenye chupa ya maji.

Tangazo letu lilikuwa fupi: Mustang P-51, 1:8, injini 46, plagi inawaka, haijajaribiwa hewani, mipira ya mafuta ibadilishwe, redio ya zamani. Picha sita, moja ikiwa na futi juu ya bawa. Jamaa wa Dar aliuliza maswali mawili tu, la antena na la mipira, akatuma laki mbili na nusu. Tulifungua mabawa, tukayafunga kwa godoro kuukuu, tukayapakia kwenye basi. Dalali alipiga simu wiki iliyofuata akipandisha hadi elfu themanini.