Mashine ya santuri: rahisi ya mkanda yaweza kumla dijei

Mwenye mtaji mdogo anayetafuta mashine ya santuri aulize kwanza sahani inazungushwa na nini. Ya mkanda, mfano AT-LP60 ya Audio-Technica, yatosha kabisa kwa kusikiliza nyumbani. Dijei akiikwaruza, mkanda huteleza na sahani huchelewa kushika mwendo; hapo fedha imepotea. Kazi hiyo hutaka mota iliyo chini ya sahani yenyewe, kama Technics SL-1200 ya 1972, iliyositishwa 2010 na kurudi 2016 kwa bei ya kutisha. AT-LP120XUSB ni nafuu zaidi, ingawa mota yake ina nguvu pungufu, nayo hupeleka sauti kwenye kompyuta kwa wanaokata vipande. Iliyotumika isinunuliwe kabla ya kuwashwa, na sindano ikaguliwe: iliyochakaa hula santuri.