Watu wa Kujitolea Katika Hospitali ya Lambaréné

Wasomaji wetu wa Maseno na Nanyuki wanaujua vema mstari wa Ikweta, kwa maana wameona mabango yake kando ya barabara. Mstari huohuo, ukifuatwa upande wa magharibi kupita Uganda na misitu ya Kongo, hufika nchi ya Gabon. Huko, kusini kidogo ya mstari, uko mji mdogo wa Lambaréné, kando ya mto Ogooué. Hapo ndipo Daktari Albert Schweitzer, mtu wa Alsace, alipofungua hospitali yake mwaka 1913, na ndipo alipofariki mwezi wa Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 90.

Habari za mzee huyo zimeandikwa mara nyingi, wala hatutazirudia zote. Nia yetu ni kueleza habari za wale wasiotajwa sana, yaani wauguzi na madaktari waliotoka Ulaya na Marekani kwenda kumsaidia kwa kujitolea: jinsi walivyoishi, kazi waliyoifanya tangu asubuhi hata jioni, na ni nani hasa aliyeifanya kazi yao iwezekane.

Muuguzi mgeni aliposhuka Lambaréné alidhani ataanza kufunga vidonda siku ileile. Kwanza alipewa kofia ya jua, maana mzee hakupenda Mzungu atembee mchana bila kofia. Kisha alionyeshwa taa yake ya mafuta, kwa kuwa umeme ulikuwa wa chumba cha kupasulia tu. Akaambiwa kwamba chakula huliwa na wote pamoja katika meza moja ndefu, kwamba kengele ikilia haifai kuchelewa, na kwamba baada ya chakula cha mchana watu hupumzika kidogo kwa sababu ya joto. Ndipo alipoanza kuangalia mahali alipofika, akaona kwamba hapafanani na hospitali yo yote aliyopata kuijua.

Nyumba zilikuwa ndefu na za chini, zimeezekwa mabati. Mbuzi na kuku walipita baina ya wagonjwa. Na kila mgonjwa alikuwa na watu wake: mke, au mama, au ndugu aliyemleta kwa mtumbwi mwendo wa siku nyingi, pamoja na sufuria na mkeka. Jiko la hospitali la kuwapikia wagonjwa wote halikuwapo. Jamaa walipika wenyewe nje, kila mmoja moto wake, na moshi wake ukaingia machoni mwa daktari na mgonjwa sawasawa. Wageni wengi kutoka Ulaya walichukizwa na jambo hili. Lakini fikiri, msomaji: mtu aliyetoka mbali, asiyejua lugha ya mahali, angekubali kula chakula kilichopikwa na mkono asioujua, na huku amelala hawezi kujitetea? Wengi wangalirudi kwao wakafie huko.

Kwa hiyo kazi kubwa ya muuguzi wa kujitolea ilikuwa posho. Ndizi za kupika, muhogo na mchele viliwasili kwa mtumbwi, vikahesabiwa na kugawanywa. Jamaa wenye afya walitakiwa kufyeka msitu, kuchukua mbao na kulima, na muuguzi aliyesomea kutunza majeraha alijikuta msimamizi wa shamba.

Mwaka 1925 ulikuwa mbaya kupita mingine, kwa maana ugonjwa wa kuhara damu uliingia pamoja na njaa. Hospitali ya kwanza haikuwa na nafasi ya kutenga wagonjwa wala ardhi ya kulima. Mzee akakata shauri kuhama, na mwaka 1927 wagonjwa wakahamishiwa mahali papya, kilomita chache juu ya mto. Miongoni mwa waliobeba mzigo wa miaka ile ni Bibi Mathilde Kottmann, muuguzi aliyefika 1924, na Bibi Emma Haussknecht, aliyefika 1925, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa ualimu. Mwalimu huyo alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Jambo jingine lililowashangaza wageni ni thamani ya chupa tupu. Katika nchi ile ya mvua na unyevu, dawa iliyofungwa kwa karatasi huharibika upesi. Tangu miaka ya kwanza palikuwa na amri sita zilizosomwa kila asubuhi mbele ya wagonjwa, na mojawapo ilimtaka kila mtu arudishe chupa na kopo alilopewa dawa. Nyingine ziliwakataza kutema mate karibu na nyumba ya daktari na kupiga kelele wakingoja, na kuwaagiza waje na chakula cha siku nzima, kwa kuwa huenda wasionwe mapema. Kila aliyetibiwa alipewa kibao kidogo cha karatasi ngumu chenye namba, akakivaa shingoni kwa uzi. Akirudi baada ya mwaka, namba ile ilionyesha katika daftari ugonjwa wake na dawa aliyopewa.

Lakini amri hizo hazikusomwa na Mzungu. Zilisomwa kwa lugha za Wagaloa na Wafang na dresa mwenyeji. Wa kwanza kati ya madresa hao aliitwa Joseph, naye alikuwa mpishi kabla ya kuingia kazi ya hospitali. Alivijua viungo vya mwili kwa majina ya jikoni, hata aliweza kumwambia daktari kwamba mgonjwa huyu anaumwa nyama ya mbavu, na yule anaumwa sarara. Tunacheka, lakini bila Joseph daktari asingejua mtu anaumwa wapi. Muuguzi wa kujitolea alikaa miaka miwili hivi, akaanza kuelewa mambo, akapanda meli kurudi kwao. Aliyemfuata alianza upya. Dresa ndiye aliyejua nani alitibiwa nini, na njia ipi ya kuzungumza na wazee wa kijiji gani.

Hapa ndipo tuonapo kasoro ya Lambaréné. Mzee Schweitzer alimwita Mwafrika ndugu, lakini ndugu mdogo, na hospitali yake iliendeshwa hivyo. Fedha za Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 alizitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Hata hivyo, Gabon ilipopata uhuru mwaka 1960, karibu miaka 50 tangu afike, wauguzi na madaktari wenye madaraka walikuwa bado ni wageni wa kujitolea. Wapo waliomtetea kwa kusema kwamba shule zilikuwa chache. Ni kweli, zilikuwa chache. Lakini mtu aliyeweza kumfundisha mpishi kumsaidia katika kupasua angaliweza kuwafundisha na vijana wengine mengi zaidi ya hayo.

Majengo mapya ya hospitali yalifunguliwa mwaka 1981, na yale ya zamani yamehifadhiwa ili watu wayatazame. Watu wa kujitolea wangali wakifika, ila wafanyakazi wengi sasa ni wenyeji. Kando ya hospitali kuna kituo cha utafiti wa magonjwa, na tangu mwaka 2009 kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa Kenya, yaani Kilifi, Siaya na Kombewa, na Kombewa si mbali na bango la Ikweta la Maseno. Mwezi wa Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wa sehemu za magharibi ya Kenya, katika zahanati za kawaida, na wauguzi wa hapahapa.