Mwenyeji na Kazi ya Kuzungumzisha Wageni

Mtu anayealika wageni nyumbani hujiandaa hasa. Nyama imelowekwa viungo tangu jana, mchele umechambuliwa, soda ziko kwenye barafu, watoto wamekwisha kuonywa. Kitu kimoja tu hakiandaliwi, nacho ni mazungumzo. Hayo huachwa yajitokeze yenyewe, na yasipojitokeza, lawama humwangukia mgeni fulani anayesemwa ni mkimya mno, au mwenyeji ambaye eti hakujaliwa ulimi. Sisi ambao kazi yetu ni kuchambua mazungumzo tunaiona lawama hiyo kuwa ya uonevu. Maongezi ya watu wengi yana utaratibu wake, utaratibu huo umechunguzwa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwa mwenyeji hata akiwa mtu wa maneno machache.

Tuanze na viti, kwa kuwa ndipo karamu nyingi zinapoharibikia kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Sebule zetu nyingi za mjini zinafanana. Makochi yamebanwa ukutani pande tatu, upande wa nne umeachiwa televisheni, na katikati pana zulia na meza ya kioo. Mgeni aliyeketi kwenye kochi la watu watatu hamwoni jirani yake mpaka ageuze shingo, na yule anayemwona usoni yuko ng'ambo ya zulia. Akitaka kusema naye lazima apaze sauti. Akishapaza sauti, sebule nzima inamsikia, na neno dogo la kupitisha wakati linageuka hotuba. Watu wasiofahamiana hawako tayari kuhutubiana, kwa hiyo wote hutazama televisheni, ikizimwa hutazama simu.

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Robert Sommer na mwenzake Ross walichapisha habari za wodi ya kina mama wazee katika hospitali moja ya Saskatchewan, Kanada. Wodi hiyo ilikuwa imetoka kukarabatiwa: rangi mpya, viti vipya, kila kitu kinang'aa. Lakini wazee walikaa kutwa nzima bila kusemezana. Viti vilikuwa vimepangwa mistari kando ya kuta, bega kwa bega. Watafiti hao walileta meza ndogo, wakaziweka katikati ya chumba na kuzungushia viti. Wazee wenyewe hawakufurahia mabadiliko hayo mwanzoni, maana kila mmoja alikwisha kuzoea mahali pake. Baada ya wiki kadhaa za kuzoea, wakahesabu tena nani anasema na nani, wakakuta mazungumzo yamekaribia kuongezeka maradufu. Wagonjwa walikuwa wale wale, na hakuna aliyewafundisha uchangamfu. Kilichobadilika ni mahali pa kuketi.

Mafundi wa miji ya pwani walilijua jambo hili zamani sana. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe upande huu na huu, na anayeketi huku anatazamana na anayeketi kule kwa karibu kiasi cha kupokezana kikombe cha kahawa. Pale hakuna anayelazimika kupaza sauti. Hivyo, ukitarajia wageni, toa makochi ukutani. Sogeza mawili yakabiliane, ongeza viti vya kulia chakula kwenye pembe, na kama una mkeka au jamvi safi, tandika. Watu walioketi chini huketi kwa duara bila kuambiwa. Televisheni izimwe kabisa, kwani kuinyamazisha sauti hakutoshi: picha inayosogea huyavuta macho ya mtu hata asipotaka, na msemaji akiona macho ya msikilizaji wake yameruka pembeni hukatisha habari.

La pili ni idadi. Robin Dunbar, mwanazuoni wa Uingereza anayechunguza maisha ya kijamii ya binadamu, alichapisha na wenzake mwaka 1995 uchunguzi wa vikundi vya watu wanaozungumza kwa hiari yao. Waliona kwamba maongezi ya pamoja hushika watu wanne hivi. Akiingia wa tano, kikundi huanza kulegea, na baada ya muda huwa vikundi viwili, au huwa msemaji mmoja na wasikilizaji wanne, ambayo ni habari nyingine kabisa. Mwenyeji mwenye wageni kumi na wawili anayejitahidi wote wafuate mazungumzo mamoja anashindana na maumbile. Na akiona wamejigawa pembe tatu asihuzunike kwamba karamu imevunjika, maana hapo ndipo imeanza.

Ndiyo sababu naipenda desturi ya sinia. Katika harusi na maulidi ya pwani, pilau au biriani huletwa kwenye sinia kubwa, na watu wanne au watano hulizunguka na kula pamoja. Idadi hiyo ni ile ile ya maongezi. Walaji wako umbali wa mkono, wanatazamana, na kuna kazi ndogo za pamoja zinazofungua midomo: huyu anamsogezea mwenzake mnofu, yule anaomba pilipili au kachumbari. Nimeona mara nyingi watu waliokaa kimya ukumbini wakiwa hawajuani, wakaanza kucheka mara tu baada ya kunawa. Chakula cha kujipakulia mezani, ambacho siku hizi ndicho kinachohesabiwa kuwa cha heshima, kinamwondolea mgeni yote hayo. Anapanga foleni, anajaza sahani, anarudi kukaa peke yake na sahani mapajani. Nikiulizwa, nasema sinia lirudi hata kwenye nyumba ambazo hazikulizoea. Kama haiwezekani, walau waandalie watu meza za wanne wanne.

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe. Mwaka 1974 Wamarekani watatu, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, waliandika makala iliyoweka msingi wa taaluma yetu. Walieleza jinsi watu wanavyopeana zamu ya kusema bila mwenyekiti. Anayesema anaweza kumchagua wa kumfuata, kwa jina, kwa macho au kwa swali. Asipomchagua mtu, yeyote yuko huru kuingia, na anayewahi ndiye mwenye zamu. Asipoingia mtu, yule aliyekuwa akisema anaweza kuendelea. Tazama sheria hizo zinavyofanya kazi karamuni. Mwenye maneno mengi ananufaika mara mbili, kwa kuwa yeye ndiye anayewahi, na wengine wakisita nafasi inarudi kwake. Wala hahitaji kuwa mtu mwenye majivuno. Utaratibu wenyewe unambeba.

Na kusita ni kwa muda mfupi ajabu. Tanya Stivers na wenzake walilinganisha lugha kumi mwaka 2009, kuanzia Kijapani na Kideni hadi lugha ya wawindaji wa Namibia, wakipima muda unaopita kati ya swali na jibu. Kwa wastani ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Wakati huo huo inajulikana kwamba mtu akionyeshwa picha ya kitu na kutakiwa akitaje, huhitaji zaidi ya nusu sekunde kabla neno halijatoka. Maana yake ni kwamba wanaozungumza huanza kutayarisha neno lao wakati mwenzao bado anasema. Mgeni anayefikiri polepole, mzee, mkwe aliyetoka nchi nyingine na ambaye Kiswahili bado anakitafuta, au kijana aliyelelewa kutodakia maneno ya wakubwa, wote hao hawawahi kamwe. Wakati wamepata la kusema, mlango umeshafungwa, na maongezi yamehamia kwenye bei ya mafuta.

Hapa ndipo mwenyeji anapohitajika, na chombo chake ni ile sheria ya kwanza, ya kumchagua msemaji, ambayo ina nguvu kuliko nyingine zote. Lakini namna ya kuchagua ina adabu yake. Wenyeji wengi humgeukia mgeni mkimya na kumuuliza, "Mbona kimya hivyo?" Siijui kauli inayoharibu kuliko hiyo. Imempa mtu zamu bila kumpa la kusema, na imemwanika mbele za watu. Hawezi kujibu zaidi ya "Aa, niko tu." Mlinganishe na mwenyeji anayesikia watu wanasifia dagaa waliopikwa, akageuka na kusema, "Shangazi, nyinyi mliokaa Kigoma, dagaa hukaushwaje siku za mvua?" Swali hilo limemtaja kwa heshima, limetokana na jambo lililo mezani, na jibu lake anakuwa nalo shangazi peke yake. Tena haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au siyo. Shangazi atasimulia uchafu wa kuanika mchangani, atasimulia vichanja, na kabla hajamaliza kuna atakayemuuliza la pili.

Ili uweze kuuliza hivyo, inakubidi uwajue wageni kidogo kabla hawajafika. Kwa kila mgeni kumbuka jambo moja analolijua kuliko wengine, liwe kazi yake, mji aliotoka au chakula anachokiweza. Na unapowatambulisha watu, usiishie kwenye jina na cheo. "Huyu ni mhandisi" haina pa kushika. "Huyu amekuwa akichimba visima Singida" ina maswali matano ndani yake.

Kisha lipo suala la kuitikia. Mgeni anasema, "Leo nimetoka Tanga kwa basi." Mwenyeji wa kwanza anajibu, "Tanga! Hata mimi nilikwenda juzi, tukapata pancha pale Segera..." Mwenyeji wa pili anauliza, "Barabara ikoje sasa?" Mwanasosholojia wa Marekani Charles Derber alizitofautisha namna hizi mbili katika kitabu chake cha mwaka 1979. Ya kwanza inaihamisha habari kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji, ya pili inaiacha mikononi mwa mwenyewe. Si kosa kutoa kisa chako, kwani visa hujibizana na hiyo ni nusu ya raha ya maongezi. Tatizo ni kukiwahisha kabla cha mwenzako hakijafika mwisho. Watafiti wa Harvard walionyesha mwaka 2017 kwamba watu huwapenda zaidi wale wanaowauliza maswali ya kufuatilia, yaani yanayotokana na lile walilosema sasa hivi, kuliko wale wanaohama kutoka swali moja hadi jingine kana kwamba wanajaza fomu.

Salamu zetu ndefu ni mahali pazuri pa kuanzia, ila tunazipitia mbio. Jibu la kwanza huwa nzuri, hata kwa mtu aliyefiwa wiki iliyopita, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka. Habari yenyewe huja katika sentensi ya pili, kwa sauti ya chini: "Nzuri, mtoto tu ndiye anatusumbua na shule." Mwenyeji mwenye sikio hushika hapo. Asiye nalo anakuwa ameshahamia kwenye "Na za kazi?"

Utani nao ni hazina, mradi ukae mahali pake. Babu na mjukuu, mtu na shemeji yake, Mchaga na Mpare, hao wana ruhusa ya kuchokozana hadharani, na uchokozi wao huchangamsha hata wasiohusika. Waketishe karibu. Lakini mtani akimgeukia mtu asiye mtani wake, mwenyeji aingilie mara moja kwa kuhamisha habari, asingoje hadi mtu anune. Mpira ni jambo la kuangalia zaidi. Simba na Yanga huwasha moto kwa dakika moja, kisha nusu ya wageni hukaa nje ya mazungumzo jioni nzima. Siutumii kuanzishia maongezi.

Kuhusu muziki nitasema kwa ufupi. Daktari wa Ufaransa Étienne Lombard alibaini mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba binadamu hupandisha sauti bila kujitambua penye kelele. Spika ikiwa juu, kila kundi hupaza sauti, kelele za kundi hili huwalazimisha wale wa pili kupaza zaidi, na katika chumba chenye vigae na madirisha yasiyo na mapazia mwangwi humaliza kazi. Watu huchoka koo, wakaaga mapema. Muziki wa kucheza uwe na saa yake. Kabla ya hapo uwe chini kiasi kwamba watu walio mita moja moja wanasikizana bila kuinamiana.

Wageni wakishaondoka bado kuna jambo moja. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Erica Boothby waliwauliza watu waliotoka kuzungumza na wasiowajua, na wakagundua kwamba kwa kawaida mtu hudhani mwenzake hakumpenda kiasi anachopendwa kwa kweli. Mgeni wako mkimya huenda amerudi nyumbani akiamini kwamba alichosha watu, na mwaliko ujao atatafuta udhuru. Kwa hiyo kesho yake asubuhi mtumie ujumbe, na usiishie kwenye "asante kwa kuja". Mtajie lile alilolisema ambalo wengine waliendelea kulizungumza alipokwisha kuondoka.