Macho ya Dereva na Leseni ya Miaka Mitano

Barabara ya Bagamoyo hadi Msata hupita Kiwangwa, na msimu wa mananasi unapofika hujaa malori ya mizigo, bodaboda zenye matenga, wanafunzi na wachuuzi wanaopanga bidhaa zao pembezoni. Kwa vijana na watu wazima wengi wa eneo hili kuendesha chombo cha moto ni ajira. Anayepoteza leseni hupoteza riziki, na anayeendesha bila kuona sawasawa huhatarisha maisha yake na ya wengine. Kwa sababu ya hofu hizi mbili, wapo wanaokwepa kupimwa macho. Makala hii inaeleza uhusiano wa macho na leseni, magonjwa ambayo dereva anaweza kuwa nayo pasipo kujua, na yanayoweza kufanywa na mhudumu wa afya hata katika zahanati ndogo. Hoja yake kuu ni kwamba madereva wengi wenye uoni hafifu wanaweza kusaidiwa wakaendelea na kazi, ila msaada huo hutegemea kuwahi.

Kadi huthibitisha nini?

Msingi wa leseni nchini ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kwa kawaida mwombaji hujifunza katika shule ya udereva akiwa na leseni ya muda, kisha hutahiniwa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Akifaulu huenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako hulipa ada, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na saini, na hupewa kadi inayoonyesha daraja la chombo anachoruhusiwa kuendesha. Zamani kadi hiyo ilidumu miaka 3. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliongeza muda huo kuwa miaka 5.

Mabadiliko hayo yalimpunguzia dereva safari za ofisini. Hata hivyo, miaka 5 ni muda mrefu katika maisha ya jicho. Mtu aliyepata leseni akiwa na miaka 42 na macho mazima anaweza kufika miaka 47 akiwa na ukungu wa mtoto wa jicho, au madhara ya kisukari ambacho hakijagunduliwa. Kadi huthibitisha uwezo aliokuwa nao siku alipotahiniwa. Mabadiliko ya baadaye yatajulikana kwa kupimwa tu.

Maana ya 6/6, 6/12 na 6/18

Mgonjwa anapopimwa kwa ubao wa herufi, matokeo huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni umbali aliosimama, kwa kawaida mita 6. Ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angeweza kusoma mstari uleule. Kwa hiyo mwenye 6/18 husoma akiwa mita 6 kile ambacho mwenzake angekisoma akiwa mita 18.

Tuhamishe hesabu hiyo barabarani. Chukua kibao ambacho mwenye macho mazima hukisoma akiwa mita 60. Mwenye 6/18 atakisoma akiwa amebakiza mita 20 tu. Katika maeneo ya makazi kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo chombo husogea takriban mita 14 kila sekunde. Dereva wa kwanza ana sekunde zaidi ya 4 za kuelewa na kupunguza mwendo. Wa pili ana sekunde moja na nusu hivi, ambayo humalizika kabla mguu haujafika kwenye breki. Mtoto anayevuka akiwa na sare iliyofifia jioni huonekana kwa shida kuliko kibao hicho.

Nchi mbalimbali zimeweka viwango vinavyokaribiana. Katika Umoja wa Ulaya, dereva wa gari binafsi hutakiwa kufikia angalau 6/12 akitumia macho yote mawili, kwa miwani au bila miwani. Dereva wa basi au lori hutakiwa kuona vizuri zaidi ya hapo. Upana wa eneo analoliona bila kugeuza macho, yaani uwanja wa kuona, haupaswi kupungua nyuzi 120 kwa dereva wa gari binafsi na nyuzi 160 kwa dereva wa basi au lori. Nchini Uingereza mtahiniwa huanza kwa kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Jaribio hili la mwisho mtu anaweza kulifanya mwenyewe mchana, akihesabu hatua ndefu 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa. Si mbadala wa kupimwa, lakini akishindwa kusoma namba asisubiri kadi iishe ndipo aende kituoni.

Wengi hutibika

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kuwa watu bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuilika au bado halijatibiwa. Kwa madereva, sababu za kawaida ni hizi zifuatazo.

Ya kwanza ni upeo mdogo wa macho kuona, hali ambayo picha haitui sawasawa kwenye retina. Tiba yake ni miwani iliyopimwa. Dereva akipewa miwani inayomfaa anaweza kutoka 6/24 hadi 6/6 siku hiyohiyo. Sharti lake ni kuivaa kila anapoendesha.

Ya pili ni uzee wa lenzi unaoanza karibu na miaka 40, ambapo mtu hushindwa kusoma maandishi ya karibu. Hapa lipo kosa la kuepuka. Miwani ya kusomea, ikiwemo ile inayonunuliwa sokoni bila kupimwa, husaidia kuona karibu na hufifisha vilivyo mbali. Haifai kuvaliwa wakati wa kuendesha.

Ya tatu ni mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi ya jicho. Dalili ambayo dereva huiona mapema ni kuumizwa na taa za magari yanayokuja usiku, akiona mwanga umetawanyika kama ukungu. Wengine hudhani miwani ya giza itawasaidia, kumbe usiku huwapunguzia hata mwanga mdogo waliokuwa nao. Upasuaji wa kuweka lenzi bandia huwarejeshea wengi uwezo wa kuona, na hufanyika katika hospitali zenye wataalamu wa macho.

Ya nne ni madhara ya kisukari kwenye retina. Yanaweza kuendelea muda mrefu bila maumivu na bila kupunguza uwezo wa kusoma herufi, kisha uoni ukaanguka ghafla. Kila mwenye kisukari achunguzwe retina angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

Ugonjwa usiogunduliwa kwa ubao wa herufi

Shinikizo la macho, ambalo wengi huliita presha ya macho, lastahili maelezo ya peke yake. Kwanza, si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na dawa za presha ya damu hazitibu macho. Pili, ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na mara nyingi huanza kula pembeni mwa uwanja wa kuona. Katikati hubaki salama kwa muda mrefu.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anaweza kusoma mstari wa 6/6 bila kusita, ilhali haoni pikipiki inayoibuka kutoka njia ya mashambani upande wa kushoto. Mwenyewe hajui, kwa sababu ubongo huziba pengo na jicho moja husaidia udhaifu wa lingine. Akigonga husema, kwa ukweli kabisa, kwamba chombo kile “kilitokea ghafla”.

Ugonjwa huu si nadra kwetu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta nao watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, na ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu anao. Sehemu ya uoni iliyokwisha kupotea hairudi. Dawa za matone, na wakati mwingine mionzi ya leza au upasuaji, huzuia kilichobaki kisipotee. Mgonjwa asiache matone kwa kuwa “haoni tofauti”. Kubaki kama alivyo ndiyo faida ya dawa hiyo.

Kipimo kinachowezekana katika zahanati

Afisa tabibu au muuguzi hahitaji mashine ili kuanza. Anahitaji ubao wa herufi, kamba iliyopimwa mita 6, chumba au kivuli chenye mwanga wa kutosha, na dakika 10.

1. Muulize kwanza: umri, kisukari, jeraha la jicho, ndugu mwenye shinikizo la macho, shida ya kuona usiku, kifafa, na dawa anazotumia, hasa zinazoleta usingizi.

2. Pima kila jicho peke yake. Jicho lingine lifunikwe kwa kiganja bila kulibonyeza. Kama ana miwani ya kuonea mbali, apimwe akiwa ameivaa. Asiyejua kusoma atumie ubao wa alama ya E na kuonyesha kwa mkono upande ambao vidole vya E vimeelekea.

3. Jicho likishindwa kufikia 6/12, mpe karatasi ngumu yenye tundu dogo, aangalie kupitia tundu hilo. Akisoma vizuri zaidi, yaelekea tatizo lake ni la miwani. Asipobadilika, tafuta ugonjwa ndani ya jicho.

4. Pima uwanja wa kuona kwa vidole. Keti mbele yake umbali wa mita 1, macho yenu yakiwa usawa mmoja. Afunike jicho moja, nawe ufunike lako linaloelekeana na hilo, na akutazame jichoni bila kugeuka. Ingiza vidole kutoka pembeni, juu na chini, katikati ya umbali ulio baina yenu. Ukiviona wewe wazi na yeye bado, mpe rufaa. Jaribio hili hukosa mabadiliko ya mwanzo, hivyo mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apewe rufaa ya uchunguzi kamili hata akifaulu.

5. Andika matokeo ya kila jicho kwenye faili na mpe mgonjwa nakala. Rufaa ianzie Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi. Yanayohitaji ubingwa zaidi huenda CCBRT au Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Saini na siri

Katika vijiji vyetu mhudumu na dereva hufahamiana. Pengine ni jirani, au ndiye aliyempeleka mke wa mhudumu hospitali usiku. Anapokuja na fomu akiomba isainiwe bila kupimwa, kukataa huonekana ni ukosefu wa utu. Lakini saini ya mhudumu ni ushahidi kwamba kipimo kimefanyika. Fomu isiyotanguliwa na kipimo isisainiwe, na njia ya upole ni kumpima palepale.

Matokeo yakiwa mabaya, lugha ya kumweleza ina uzito. Mhudumu anaweza kusema: “Baba, jicho lako la kulia haliwezi kukuonyesha mtu aliye pembeni. Kwa sasa usibebe abiria. Nakuandikia rufaa, na tukishajua chanzo tutazungumza upya kuhusu kazi yako.” Maneno hayo humpa ukweli, agizo na hatua inayofuata. Kumwambia tu kwamba amekwisha kama dereva humfukuza kwenye tiba, naye kesho ataendesha vilevile.

Swali gumu hubaki kwa dereva asiyeona vya kutosha anayeendelea kubeba abiria baada ya kuelezwa. Siri ya mgonjwa ndiyo inayowafanya watu watuamini, na haipaswi kuvunjwa kwa minong’ono kituoni wala kijiweni. Nchini Uingereza dereva mwenyewe ana wajibu wa kuijulisha mamlaka ya leseni. Daktari huzungumza naye kwanza, na akiendelea kuhatarisha wengine, daktari huruhusiwa kutoa taarifa baada ya kumwambia mgonjwa kuwa atafanya hivyo. Kwa mhudumu wa zahanati hapa nchini, uamuzi wa namna hii usifanywe na mtu mmoja. Aandike ushauri alioutoa kwenye faili, amshirikishe mgonjwa na, kwa ridhaa yake, familia yake, kisha apeleke suala kwa mganga mfawidhi na uongozi wa afya wa wilaya.

Kwa dereva na familia yake

Usingoje kadi ifike mwisho. Pima macho kabla ya kuomba leseni ya kwanza na kabla ya kila kuihuisha. Kuanzia miaka 40 omba pia kipimo cha shinikizo la macho na uchunguzi wa mshipa wa jicho, na daktari atakupangia muda wa kurudi. Nenda mapema zaidi ukiona taa za usiku zinakuumiza, ukianza kugusa kingo za barabara, au abiria wakikuonya kuhusu vitu ambavyo hujaviona. Siku utakayowekewa dawa ya kupanua mboni usiendeshe kurudi nyumbani, kwa kuwa utaona ukungu kwa saa kadhaa. Panda gari la abiria, au njoo na mtu atakayeshika usukani.